Mkeka wa Mama Unarudi Wiyoni

Chuoni, bara
Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri

Dada yangu Mwanakombo,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote nataka kujua habari za miguu yako. Uvimbe umeshuka? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeiweka kabatini pamoja na ile ya mwaka jana? Na presha je? Na shemeji Omari, mgongo wake unamruhusu kushika randa, au bado anasimamia tu wenzake wakipiga misumari? Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa magoti, maana baridi ya huku mwaka huu haina haya. Nakuandikia nimevaa sweta mbili, na hiyo ya juu ni ya kike, nimeazimwa na Mama Chebet, karani mwenzangu wa meza ya dirishani. Ungeniona ungecheka mpaka ukakohoa.

Lakini najua hucheki. Leo ni siku ya kumi na mbili hupokei simu yangu. Mara moja alipokea jirani yako Bi Fatuma, nikakusikia kwa nyuma ukisema, "Mwambie nasali." Ilikuwa saa nne asubuhi, nikajiambia labda dada anasali Dhuha, Mungu amkubalie. Nikapiga saa tano, ukawa bado unasali. Nikapiga baada ya alasiri, ukawa unasali vilevile. Nikaelewa, nikaacha kukusumbua. Simu ni rahisi kuikata. Barua itabidi uichane, na wewe tangu utotoni huna moyo wa kuchana karatasi iliyoandikwa jina la Mungu juu yake.

Uliniomba jambo moja, dada. Uliniomba nimwambie Rukia, binti yako, aje kusoma huku kwetu chuoni, awe chini ya jicho langu. Nami nikamwambia asije. Hilo unalijua, maana nilimwagiza mwenyewe akwambie kwamba aliyekataa ni mjomba wake. Usilolijua ni kwa nini, na hata Rukia hajui yote. Tafadhali soma peke yako kwanza, halafu ukitaka kunisema kwa jirani zote, niseme.

Nianze mbali kidogo. Unakumbuka nilipochukuliwa kazi hapa, tarishi wa kubeba mafaili, hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja wa kutoka kwetu. Nilikuwa nikiandika Lamu kwenye fomu zangu, watu wananiuliza kama ni huko Somalia. Mwaka wa tatu nikawa karani wa usajili, na ndipo wakaja wale vijana wawili wa mtaa wetu wa Wiyoni, wa kwanza kabisa. Waliketi nje ya ofisi sakafuni siku nzima, hawajui waende meza ipi, na mmoja wao analia kwa baridi. Nilimhadithia mama, Mungu amrehemu. Muhula uliofuata akaniletea mkeka wa ukindu, ameusuka mwenyewe, mrefu kuliko wa kawaida. Alisema, "Wana wakifika na machofu ya ndia, wasiketi tini kama wasio na kwao." Alitaka uchovu wa njia wautulize mkekani, si chini sakafuni.

Basi tangu mwaka ule, siku ya kuripoti, mimi hutandika mkeka ule kwenye pembe ya ofisi, nyuma ya kabati la mafaili. Mwana wa kwetu akifika anavua viatu, anaketi, anapewa kahawa na visheti, na mimi ndiye ninayezunguka na karatasi zake kutoka meza hadi meza. Wakati mwingine hushtukia amelala kichwa juu ya begi. Wenzangu walinicheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanakuja wenyewe kuuliza visheti viko wapi.

Dada, zilikuwa siku njema. Wewe mwenyewe unakumbuka. Kijana akifaulu pale kwetu, watu walikuwa hawaulizi anakwenda chuo gani. Walisema tu, "Aenda kwa Lali." Chuo kizima, na majengo yake na maprofesa wake, kwetu kikawa na jina langu mimi karani! Mkeka ukawa hautoshi. Mwaka mmoja wale wa kisiwa cha Ndau walikuja wengi hata ikabidi wakae kwa zamu, mabegi yamefungwa kamba za mashua, na kila mmoja ana kifurushi cha mama yake kwa mjomba Lali. Achari, halua, ng'onda. Hiyo ng'onda ilikaa ofisini siku mbili, Mama Chebet akafungua madirisha yote na baridi yake, akasema kama hao ndio samaki wa kwetu basi anawaonea huruma samaki. Ramadhani tulifuturu pamoja kwenye chumba kimoja cha bweni la wasichana la zamani, mlango wazi, mama wa bweni ameketi kizingitini na sahani yake. Nilikuwa nikisikia Kiamu, lugha yetu ya Lamu, kinasemwa mpaka nasahau niko wapi.

Sasa nifike penye kidonda.

Wazazi walinitumia majina na alama za watoto wao, nami ndiye niliyewajazia machaguo. Nilikuwa nikikaa kwenye mashine na orodha yangu, kijana baada ya kijana, na kila mmoja nilimwandikia chuo hiki, na kila mmoja nilimwandikia ualimu. Wote. Wenye hesabu nzuri, wenye lugha nzuri, aliyetaka mifugo, aliyetaka sheria. Nilisema ualimu una kazi, na wakati ule ulikuwa nayo kweli. Lakini hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu. Sababu yangu ilikuwa nyingine. Nilitaka wakae pamoja. Darasa moja, bweni moja, wafuturu sinia moja, asiwepo wa kulia peke yake kwa baridi kama yule wa kwanza. Sisi ndivyo tulivyo, hatujui kumpeleka mwana mahali bila kumtafutia mwenzake wa kwao. Na mimi nikaona nimefanya wema mkubwa.

Basi wakamaliza pamoja. Wakarudi pamoja, na vyeti vya namna moja, kwenye visiwa vyenye shule za kuhesabika. Wa mwanzo walipata. Waliofuata wakangoja, na waliowafuata wakawakuta wanangoja. Ukajazana msururu wa walimu wasiokuwa na darasa, wote watoto wangu, wote niliowapanga mimi kwa mkono wangu.

Mwanao Athumani alikuwa katikati ya msururu huo.

Dada, hili hujapata kulisikia kutoka kwangu. Athumani hakutaka ualimu. Unajua alivyokuwa, tangu mdogo hapiti penye mashine akaiacha. Ile injini ya boti ya shemeji aliyoifungua yote akaitandaza uani, ukampiga, kisha akaifunga ikawaka. Siku niliyokuwa nikijaza fomu yake alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, mimi nataka injini za boti. Kuna chuo cha ufundi Mombasa, nimeuliza." Ofisini nilikuwa na wenzangu, na simu nimeiweka kwa sauti ya juu. Nikamjibu, "Injini utafungua wakati wa likizo, mwalimu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Akasema, "Haya, mjomba." Alikuwa amekwishaandika chaguo lake mwenyewe kwenye ile fomu. Nikalifuta, nikaandika langu.

Akasoma miaka yake minne, ikawa mitano kwa sababu ya migomo, asinung'unike hata siku moja. Alipovaa joho ulipiga vigelegele ukakauka sauti. Ile picha ukaitundika juu ya mlango wa ndani. Na sasa ni mwaka wa sita anashusha mifuko ya saruji gatini, na wale mabaharia wanamwita, "Mwalimu, shika hii!" Uliniambia mwenyewe kwamba ile picha ameishusha, hujui ameiweka wapi. Wewe ulidhani ni hasira za kijana. Mimi nilipokata simu nilikwenda nikajifungia chooni mwa ofisi, nikakaa humo mpaka wakaanza kugonga.

Watu hawakuhitaji kuambiwa. Walikuwa wanaona gatini. Mwaka mmoja majina yakaja nusu ya yale ya kawaida, mwaka uliofuata nusu ya hiyo nusu. Wengine wakaenda Mombasa, wengine wakaenda vyuo vya ufundi vilivyo karibu, wengine wanachagua wenyewe kwenye simu zao na hawamuulizi mjomba wa mtu. Wasichana ndio waliokawia kukiacha chuo, kwa sababu mama zao walisema angalau Lali yupo. Halafu na wao wakapungua. Kile chumba tulichokuwa tukifuturia kimewekwa viti vilivyovunjika.

Wakubwa wangu nao wakaona. Ndiyo sababu ile safari yangu ya mwaka jana, nilipokuja na maboksi. Mlifikiri nimekuja kuwaona, nami nikawaacha mfikiri hivyo. Nilitumwa. Walinipa vitabu vya picha na kofia zenye nembo ya chuo, wakaniambia, "Bwana Lali, wewe ndiye unayependwa huko, nenda ukawarudishe." Nikajivuna, dada, usinicheke. Nikanunua kanzu mpya.

Unakumbuka niliondoka siku moja kabla, ukanilaumu kwamba sikungoja wali wa nazi ulioniwekea. Nilikwambia nimeitwa kazini. Sikuitwa na mtu. Nataka sasa nikwambie kilichotokea.

Nilimwomba Athumani anisaidie kubeba yale maboksi mpaka ukumbi wa shule. Hakuwa na kazi siku ile. Akabeba mawili kwa mpigo, akayapanga mbele, kisha akasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Wanafunzi wa kidato cha nne wamejaa, Rukia yumo, mstari wa tatu. Nikasema maneno yangu yote. Nikawahadithia mkeka, kufuturu, kwenda kwa Lali. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha nikasema mwenye swali aulize. Msichana mmoja akainua mkono, hana ubaya wowote usoni, anauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Akasema, "Mjomba, Athumani mwana wa dadako alisoma huko kwenu. Yeye sasa afanya kazi gani?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wale wa mbele walijua yuko nyuma, wakaanza kugeuka mmoja mmoja. Nami badala ya kusema neno la kweli nikafungua mdomo, nikasema, "Anasubiri kupangiwa." Dada, nilisema hivyo mbele yake. Mwaka wa tano ule. Athumani alikuwa bado ameshika boksi moja la kofia. Akaliweka chini polepole, akalisogeza kwa mguu lisizibe mlango, akatoka.

Jioni nilimkuta gatini. Nikamwambia, "Athumani, mwanangu, nisikilize." Hakunitukana, alitaka nimwache tu. Alikuwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Akasema, "Mjomba, niwate. Sina yambo nawe." Akageuka akaendelea kushusha. Tangu siku ile hajaitikia salamu yangu. Nikipiga simu kwako nikamwulizia, unaniambia yuko nje. Nilikuwa nasikia unavyomnong'oneza, dada. Nilijua yupo palepale.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo uliponitumia ile sauti kwenye simu. Nimeisikiliza mara nyingi hata nimeihifadhi kichwani. "Lali, ndu yangu, sema na mwana. Wewe ndiwe mjomba wake, mimi maneno yangu hayamwingii. Amepata alama za digirii, aenda somea kuzalisha wake wa watu! Watu watanambiaye? Mwambie aye kwako. Nilichokosa kwa Athumani nikipate kwa Rukia."

Yale maneno ya mwisho yalinikata. Na ulipanga vizuri, sikufichi. Rukia amepangiwa chuo cha ukunga, na dirisha la kuomba uhamisho linafungwa Ijumaa saa kumi na moja. Umemfungulia ukurasa, umemjazia chuo changu na ualimu, kimebaki kitufe kimoja tu cha kuthibitisha. Na yeye amekwambia hakibonyezi mpaka mjomba aseme.

Rukia alinipigia Ijumaa hiyo saa tisa na nusu. Nilitoka nje ya ofisi, nikakaa kwenye ngazi, na safari hii simu sikuiweka kwa sauti ya juu.

Akaniamkia vizuri, akaniuliza magoti. Kisha akasema, "Mjomba, niko kwa hii peji. Mama amekaa ukumbini angoja. Ukisema nibonyeze, nabonyeza. Sitanung'unika."

Hakuna neno lililonitisha kama hilo la kutonung'unika.

Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe wataka nini?"

Akasema, "Nilikuwapo, mjomba, alipozaa yule jirani yetu. Mkunga alikuwa peke yake, akaniambia shika hapa. Nikampokea yule mwana kwa mikono hii. Tangu siku hiyo sioni kitu kingine." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini ili usimsikie, "Lakini mama analia. Na Athumani asema nisikuulize wewe."

Dada, sasa nakiri jambo ambalo nalionea haya kuliko yote. Nilitaka kumwambia aje. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni. Wala haikuwa kwa ajili yako au kwa ajili yake. Niliwaza mkeka una mtu tena. Niliwaza Ramadhani nina mtu wa kumwambia nipitishie tende kwa Kiamu, akanielewa. Ninazeeka huku peke yangu, dada. Jioni natoka kazini naingia chumbani na sina wa kumwambia hata kwamba mvua imenyesha. Ningempata mwana wa dada yangu kwa kusema neno moja, na yeye angekuja, na wewe ungefurahi, na wakubwa wangu wangenipongeza kwa kurudisha japo mmoja.

Nikamwambia, "Funga hiyo peji, mwanangu. Nenda kazalishe."

Akaanza kulia. Nikamwambia, "Mwambie mama ni mimi nimekataa. Usichukue lawama hata kidogo, yote iwe yangu." Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo, nami sikuwa nayo. Nikakaa pale kwenye ngazi mpaka saa kumi na moja ikapita, nikaingia ndani kwenye mashine kuhakikisha, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Nilijua hakuna mtu wetu kwenye orodha. Niliandika Lamu kwenye mashine, ikaniambia hakuna. Nikaandika tena, kwa herufi kubwa, kana kwamba ni kiziwi, ikaniambia hakuna. Hata hivyo asubuhi nilitandika mkeka pale pale nyuma ya kabati. Nikatia kahawa kwenye chupa. Mazoea, au ujinga, sijui.

Mpaka saa sita hakuna aliyevua kiatu. Mama Chebet alipita na mafaili, akatazama, akasema, "Bwana Lali, leo mkeka wako umekosa abiria." Ni mzaha wake wa kila siku, mwanamke huyu hana roho mbaya. Nikacheka. Kisha nikamimina kahawa, ikapita kikombe, ikamwagika kwenye risiti za watu. Aliona. Alikwenda akavua viatu vyake, dada, vile viatu vyake vya visigino, akaketi mkekani na sketi yake ya ofisi, akanyoosha mkono, akasema, "Basi nipe mimi." Nikammiminia. Tulikunywa pale wawili, msururu umesimama unatungoja. Ndiye pekee aliyekaa juu ya mkeka wa mama mwaka huu.

Huyu aliyekuletea barua ni Swabra wa Ndau. Amemaliza mwezi huu, na ndiye wa mwisho wa watoto wetu hapa. Akitoka yeye hakuna tena. Jana alikuja ofisini kuniaga, akanikuta nakunja mkeka, nashindwa kuufunga. Akaninyang'anya, akaufunga yeye kwa kamba ya begi lake. Nikamuuliza, "Utafanya nini ukifika?"

Akasema, "Siyui, mjomba. N'taketi na wenzangu."

Na yeye pia ni ualimu. Nilimjazia mimi, alikuwa wa mwisho kunitumia alama zake. Nikataka kumwomba radhi, nikaishia kufuta machozi. Akaona, akaniambia, "Usilie, mjomba. Ulitupa kahawa." Hivyo tu. Nikimfikiria akishuka Ndau na cheti chake, na mama yake amesimama pale pwani amevaa leso mpya, natamani nisingekuwa nimejua kusoma na kuandika.

Basi mkeka unao mbele yako. Si wako, usiutandike ukumbini. Ni wa Rukia. Huko aendako hana mjomba wa kumtandikia, atautandika mwenyewe. Pembe moja imefumuka kidogo. Mama alikuwa amekufundisha kusuka, irekebishe kabla hajaondoka. Na kama utaweza, umsindikize mpaka gatini. Usimwache aondoke na uso wako ule uliokasirika, ataubeba miaka yote mitatu. Mimi ndiye niliyekukosea. Nikasirikie mimi, niko mbali, hasira yako itachoka njiani.

Sikuombi upokee simu. Nitapiga Ijumaa baada ya sala kama kawaida yangu. Ikilia ikakatika, nitajua, na Ijumaa nyingine nitapiga tena.

Nisalimie shemeji Omari, mume wako, umwambie ile randa aliyoniagiza nimeipata. Nisalimie Bi Fatuma jirani, na umwambie Mungu anamwona kwa uwongo wa zile sala. Nisalimie Rukia, mkunga wangu, umwambie mjomba anataka jina lake apewe mtoto wa kiume wa kwanza atakayempokea, hata kama mama wa mtoto atakataa. Mpitie mama kaburini kwa niaba yangu, umsomee Fatiha, umweleze habari ya mkeka kwa namna utakayoona inafaa.

Na Athumani. Mwambie mjomba wake amemsalimu. Asipoitikia, dada, usimwambie aitikie. Nilimlazimisha jambo moja maishani mwake, inatosha.

Ndugu yako,
Lali